Jana Ulikomea Wapi?

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wazazi tuliokutana Makorora, Tanga. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike, nami nayaweka hapa yote kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi mabibi mliokuja kwa ajili ya wajukuu, ahsanteni sana. Najua wapo waliofunga genge asubuhi hii, na wapo waliotoka sokoni Mgandini moja kwa moja, vikapu hivyo hapo miguuni.

Mwenyekiti aliponiita aliniambia, "Mwalimu, waeleze wazazi namna ya kumpata mwalimu mzuri wa tuisheni." Nikamwambia nitakuja, ila nitaanza na yule niliyekosea kumchagua mimi mwenyewe.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha shule ya msingi Handeni. Mwanangu wa pili alikuwa kidato cha pili hapa mjini, akikaa kwa bibi yake Ngamiani. Hisabati ilikuwa imemshinda. Mimi nafundisha hisabati watoto wa watu, wangu analeta ripoti ina F. Nikaulizia huku na huku, nikaambiwa yupo mwalimu mmoja, tuisheni yake inajaa mpaka watoto wanakaa dirishani. Kule kujaa nikakuona ndiyo sifa. Kila mwisho wa mwezi nikatuma hela. Sikuruka hata mwezi mmoja, na mshahara wa mwalimu mnaujua.

Likizo ya mwezi wa sita nikaja Tanga, nikaenda kumsalimu. Banda la mabati, watoto sitini au zaidi, ubao umejaa maswali ya mitihani iliyopita. Yeye anakokotoa, wao wananakili. Nikasubiri amalize. Nikamwuliza, "Mwalimu, mwanangu anaendeleaje?" Akanijibu papo hapo, "Anaendelea vizuri sana, mama." Halafu akaniuliza, "Anaitwa nani vile?"

Anaitwa nani vile! Ndugu zangu, huo ni mwezi wa sita. Ada ya Januari imekwenda, ya Februari imekwenda, ya Machi imekwenda, na mtoto hajulikani jina.

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari lake. Safi, mwandiko mzuri, kurasa zimejaa. Kila swali lina jibu sahihi, maana kila jibu limetoka ubaoni. Nikachagua swali moja, nikalifunika jibu kwa kiganja, nikamwambia lifanye. Hakuweza hata kuanza. Akainamisha kichwa, akaanza kuchora visanduku pembeni mwa karatasi. Visanduku vile ninavyo machoni mpaka leo.

Sasa nawauliza. Tunapotafuta mwalimu wa tuisheni, huwa tunatafuta nini? Jina lake mjini? Kiingereza chake? Wingi wa watoto wake? Nani kati yetu amewahi kumwuliza, "Mwanangu amekwama wapi?"

Wengi wetu hapa tumepita chuoni, kule madrasa. Mnakumbuka? Watoto arobaini mkekani, kila mmoja na juzuu yake, kila mmoja na sauti yake. Ukiitwa mbele unakaa, unafungua, mwalimu anaweka kijiti juu ya mstari, na swali lake la kwanza ni lile lile kila siku: "Jana ulikomea wapi?" Mwenzako anakaribia kuhitimu, wewe bado uko kwenye alifu, bee, tee, na hakuna atakayekurusha ili ufanane naye. Husogezwi mstari mpaka wa jana umenyooka. Ndugu zangu Wakristo, nawapa mfano huu kwa sababu nanyi mmekulia uani kwetu, sauti zile mmezisikia kila alasiri.

Yule mwalimu wa chuo hakuwa na ubao wala karatasi za mitihani. Alikuwa na kitu kimoja: alijua kila mtoto amekomea wapi. Na hicho ndicho nimekuja kukisema leo. Mengine yote nitakayoyataja yanatoka hapo.

Wataalamu nao wameyaandika. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake, akapimwa na kusahihishwa kabla ya kuvushwa mada, alifanya vizuri kuliko wanafunzi 98 kati ya 100 waliofundishwa darasani kwa namna ya kawaida. Watafiti waliofuata walikuta faida ndogo kuliko hiyo, na sitaki mtu aondoke hapa akiamini kuwa tuisheni ni dawa ya kila maradhi. Lakini lile neno lishikeni: kabla ya kuvushwa.

Niwasimulie kisa cha machungwa.

Mama mmoja anayeuza machungwa aliniletea binti yake wa darasa la sita. Akaniambia, "Mwalimu, huyu ni mzito." Mbele ya mtoto mwenyewe. (Jamani, neno hilo tuliache. Mtoto huliamini.) Nikaomba daftari. Nusu jumlisha theluthi, kaandika mbili ya tano. Robo jumlisha nusu, kaandika mbili ya sita. Ukurasa mzima mikasi mitupu, kalamu nyekundu kila mahali. Nikaangalia tena. Nikaona kwamba mtoto huyu alikuwa na kanuni yake, na aliifuata kwa uaminifu swali hata swali: jumlisha juu na juu, jumlisha chini na chini. Je, mzito hufuata kanuni namna hiyo? Alikuwa amekwama mahali pamoja tu, na kwa miaka miwili watu walimwekea mikasi bila kumwuliza amefanyaje.

Nikamwambia mama yake nipe machungwa mawili. Yalikuwa ya Muheza, makubwa. La kwanza nikalikata katikati, nikaweka nusu mezani. La pili nikampa kisu alikate vipande vitano vilivyokaribia kulingana, kisha atenge viwili. Nikamwambia, "Hivi viwili ndivyo jibu lako, mbili ya tano. Viweke karibu na ile nusu." Akaviweka. Akaangalia nusu, akaangalia vipande vyake. Juisi inatiririka mpaka kwenye kiwiko, hana habari nayo. Akaniambia taratibu, "Mwalimu, nimeongeza, halafu imepungua?"

Wazazi wangu, mwezi mzima wa tuisheni ni sentensi ile. Siku hiyo hatukufanya swali lingine. Tulikula machungwa. Kesho yake tukaanza kutafuta asili zinazolingana, zile namba za chini, na yeye mwenyewe akawa anakagua kila jibu: limekua, au limepungua?

Basi siku mwalimu wa tuisheni anapokuja nyumbani kwako kwa mara ya kwanza, sikiliza anauliza nini. Akiuliza saa na malipo tu, shukuru, mpe chai, endelea kutafuta. Akisema, "Naomba daftari zake, na karatasi za mtihani alizofeli," huyo mkaribishe akae. Mwulize tena baada ya wiki mbili, "Mwanangu amekwama wapi?" Akikujibu "anaendelea vizuri", mimi jibu hilo nililinunua kwa miezi sita. Akikujibu, "Mama, anajua kuzidisha, ila kugawanya kwa tarakimu mbili kunamtupa nje," hapo umepata mtu.

Naona baba mmoja anatikisa kichwa. Unasema moyoni, mimi sikusoma, nitampimaje mwalimu? Utampima, baba. Chukua mchele wako uchambue, kaa barazani karibu na mwalimu na mtoto, usiseme neno. Sikiliza sauti ya nani inasikika zaidi. Ukisikia ya mwalimu tupu saa nzima, mtoto yuko kwenye hotuba kama mlivyo nyinyi sasa hivi. Ukimsikia mtoto anaeleza, anakosea, anarudia, anauliza "kwa nini", kazi inafanyika. Halafu usiku mwambie, "Nifundishe na mimi ulichojifunza." Huhitaji kujua kama ni sahihi. Utajua tu kama ana la kusema.

Nije kwenye lugha, maana hapa tunapoteza watoto wengi.

Mtoto wa shule ya serikali anamaliza msingi akiwa amesoma sayansi kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza, anakuta Baiolojia, Fizikia na Kemia zote ziko kwa Kiingereza. Mzazi anaona mwanawe anazama, anakimbilia kutafuta mwalimu anayemwaga Kiingereza. Nililetewa kijana aliyefundishwa na mtu wa namna hiyo. Nikamwuliza maana ya osmosisi. Akaisema yote kwa Kiingereza bila kupumua, nukta na mkato mahali pake. Nikamwambia, vizuri sana, sasa nieleze kwa Kiswahili. Kimya. Nikamwambia, nieleze kwa neno lolote unalolijua. Kimya vile vile.

Nikampeleka jikoni. Nikamwambia tutengeneze kachumbari. Akakata kitunguu, akakinyunyizia chumvi, tukakiacha. Tukaongea habari za mpira. Baadaye nikamwambia angalia bakuli. "Kuna maji." Nani kayatia? "Hakuna." Yametoka wapi? Akashika kipande kimoja, akakipinda, kimelegea. "Yametoka kwenye kitunguu." Kwa nini yatoke? Akafikiri. "Chumvi imeyaita."

Chumvi imeyaita! Hapo ndipo nikampa yaliyobaki: kwamba kitunguu kimejengwa kwa seli, seli ina utando, utando unapitisha maji lakini chumvi inapita kwa shida, na maji huhama kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Kisha tukarudi kwenye ile sentensi yake ya Kiingereza, neno kwa neno. Safari hii aliisoma kama barua iliyotoka kwa mtu anayemfahamu.

Sisemi Kiingereza kiachwe. Mtihani wa kidato cha nne utakuja kwa Kiingereza, na mwalimu asiyemrudisha mtoto kwenye Kiingereza amemwacha njiani. Nasema mwalimu mzuri huvusha, na huwezi kumvusha mtu kutoka ng'ambo ambayo hayupo. Kuna wazazi huniambia, "Nikimsikia mwalimu anaeleza kwa Kiswahili naona hela yangu inapotea." Hapa? Tanga? Shule ya serikali waliyofungua Wajerumani mji huu miaka ya 1890 ilifundisha kwa Kiswahili. Shaaban Robert alizaliwa hapo Vibambani mwaka 1909. Sisi tukiona haya kuelewa kwa Kiswahili, nani asione?

Haya. Walimu hao wanapatikana wapi?

Wako karibu kuliko mnavyodhani. Walimu wastaafu wapo kila mtaa, Chumbageni, Duga, Mabawa, Pongwe, na wengi hawajawahi kugongewa mlango. Wapo vijana waliomaliza kidato cha sita mwezi wa tano, wakirudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa huwa wanasubiri chuo kikuu kifunguliwe. Kijana aliyefaulu hisabati juzi bado anakumbuka mwenyewe alikwama wapi, na hiyo ni mali. Muulize tu kama amewahi kumfundisha mdogo wake, halafu mwulize huyo mdogo wake.

Lakini kabla ya wote hao, nenda shuleni ukaonane na mwalimu wa somo. Nenda na daftari mkononi. Mwalimu yule ana watoto wengi, pengine hatakuwa na muda wa kumfundisha mwanao peke yake, ila kwa dakika tano anaweza kukuambia tatizo limeanzia wapi, na yule wa tuisheni akaanzia hapo. Na nasema hili kama mwalimu: mwalimu anayemfundisha mwanao asubuhi asikwambie ulipe jioni ili amalizie mada aliyoiacha makusudi. Akikwambia hivyo, peleka suala hilo kwa mkuu wa shule au kamati ya shule. Nimefanya kazi na walimu waliokuwa wanabaki na watoto mpaka magharibi bila kudai hata senti. Heshima yao tusiichanganye na tabia hiyo.

Hela. Kina mama watatu wa barabara moja hapo Ngamiani, mmoja anapika vitumbua, mmoja anauza samaki, mmoja fundi cherehani, kila mmoja peke yake alishindwa kumlipa mwalimu. Wakaungana. Watoto watatu, wote darasa la tano, wote wamekwama kwenye kusoma kwa ufahamu. Mwalimu mmoja mstaafu, mara mbili kwa wiki, kibarazani kwa fundi cherehani. Kila mama analipa theluthi, na yule wa vitumbua siku nyingine alilipa kwa vitumbua, kwa makubaliano. Watoto watatu au wanne waliokwama mahali pamoja wanaweza kufundishwa pamoja vizuri kabisa. Sitini hawawezi. Na mkubaliane malipo kwa kipindi kilichofundishwa, ili asipokuja usilipe, na akija asidaiane nawe.

Kuhusu vitabu nitasema kwa kifupi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, darasa kwa darasa, kwa hiyo msikubali mwalimu anayefundisha kwa nukuu zake za zamani bila kutazama kitabu cha mtoto. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandao. Wenye watoto walioanza darasa la tatu mwaka ule wanajua kwamba mwaka 2027 wao wa la sita na wenzao wa la saba watamaliza msingi pamoja. Jitayarisheni mapema, msisubiri miezi miwili ya mwisho.

Sasa naomba tutulie kidogo. Kina mama, nyamazisheni watoto. Hili linalofuata nataka kila mtu alisikie.

Mtoto asifundishwe chumbani. Asifundishwe mlango ukiwa umefungwa. Hata kama mwalimu ni mjomba wake. Hata kama ni mcha Mungu. Hata kama ni mwanamke. Hata kama mwanao ni mvulana. Tuna baraza, tuna sebule, tuna ua, mtoto asome hapo watu wakipita. Ikiwa anakwenda kwa mwalimu, nenda ukapaone pale anapokaa, na siku moja moja pita bila kuaga. Mwalimu mwema hatachukia. Mimi wazazi wakinipitia ghafla hufurahi, maana naona mtoto huyu ana wenyewe.

Na mwanao akikuambia, "Mama, sitaki tena kwenda kwa yule mwalimu," usimwite mvivu. Mpeleke pembeni, keti chini usawa wake, muulize taratibu, na umwache anyamaze kadiri anavyotaka. Pengine ni uvivu kweli. Pengine anachapwa, anatukanwa. Pengine ni zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, dawati la jinsia na watoto lipo kituo cha polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Iandikeni. Naona wengine hamwandiki. Moja, moja, sita. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, nimeona mzazi akilia kwa kusema "mbona aliniambia, sikumsikiliza". Sitaki kumwona mwingine.

Nibakishe moja. Mtoto anatoka nyumbani alfajiri, anarudi alasiri, anakwenda chuo, akitoka chuo tuisheni, usiku kazi za shule. Anacheza saa ngapi? Analala saa ngapi? Mara mbili kwa wiki, saa moja au saa moja na nusu, inatosha akiwa na mwalimu anayejua anachokitafuta. Na mwalimu wa namna hiyo siku moja atakuja kukuambia, "Mama, huyu sasa anakwenda mwenyewe, mwezi ujao sihitajiki." Atakuwa anajipunguzia riziki yake kwa mdomo wake. Yule binti wa machungwa nilikaa naye wiki kumi na moja. Siku ya mwisho alikuja na chungwa moja, akalikata yeye, akanipa mimi theluthi na mama yake theluthi, akaniuliza, "Mwalimu, mimi nimebakiwa na ngapi?" Akalila kabla sijamjibu.

Leo jioni kabla ya chakula, mwambie mwanao alete daftari lake la hisabati na lile la Kiingereza. Usigombe. Tafuteni pamoja ukurasa ambao mikasi inaanza kuwa mingi kuliko vema, ukunje pembe yake. Mwalimu yeyote utakayempata, mfungulie hapo.

Nimemaliza yangu. Mama pale nyuma mwenye kanga ya bluu, ulinyoosha mkono tangu nilipotaja malipo. Karibu, uliza.